Jiwe la Kusimamia

Mimi kukaa kitako sikuumbiwa. Mama yangu kule Kalemela alikuwa akisema nilianza kutembea kabla sijajua ninakokwenda, na nisikudanganye, hadi leo chai nainywa nimesimama. Kwa hiyo nilipopewa darasa la nne katika shule moja upande wa Sapiwi, nilifundisha kwa miguu. Natoka ubaoni, nakwenda hadi ukuta wa nyuma, narudi kwa pembeni, mdomo haufungwi. Nikiandika ubaoni naendelea kusema, mgongo kwao. Watoto walikuwa themanini na ushee, madawati hayakutosha, wengine wanakaa sakafuni, nami naruka miguu yao kama mtu anayevuka matuta ya viazi. Walinipa jina la utani, bila shaka, lakini hilo silisemi hapa.

Ilikuwa ile miaka ya kila kitu kufunguliwa. Pamba iliyozoea kununuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa ananunua yeyote mwenye mizani na lori. Magulio yakajaa mitumba. Tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Walimu wakaanza kuondoka mmoja mmoja: huyu kawa karani wa mnunuzi wa pamba Bariadi mjini, yule kafungua duka la sabuni na betri. Dada yangu alikuwa Lamadi anauza mitumba, na kila barua yake iliishia na swali lile lile: unangoja nini huko? Begi langu lilikuwa chini ya kitanda, nusu limepangwa. Asubuhi naamka nimeamua kuondoka, jioni nimeamua kubaki, na katikati ya hapo nafundisha watoto wa watu kwa hasira isiyo yao.

Darasani humo kulikuwa na msichana anayerudia. Alikuwa ameshafeli mtihani wa darasa la nne mara moja, na kwa utaratibu wa mwalimu mkuu wetu, anayefeli mara ya pili jina lake linakatwa kwenye rejesta, anarudi nyumbani kulima. Nilimkuta dawati la nyuma kabisa, walikowekwa wanaorudia ili wasiwavute wengine chini. Mwalimu aliyenikabidhi darasa alimmaliza kwa maneno mawili. Mzito, akasema, halafu ana kiburi.

Hicho kiburi nilikiona siku ya kwanza. Mtoto alinitolea macho. Nikisogea kulia, yanakuja kulia. Nikienda nyuma, anageuka pale pale dawatini, anampa mwenzake mgongo, ilimradi anitazame. Wewe ambaye hukulelewa Usukumani huenda usione kosa liko wapi. Kwetu msichana akimwamkia mkubwa anapiga magoti, na macho yanakwenda chini. "Mwangaluka, mayu," yaani za asubuhi, mama, anasema, anaiambia ardhi, na hata akiulizwa habari za ukoo mzima, majibu yote anaipa ardhi. Anayemkazia mkubwa macho anamwambia kwamba wamelingana. Hivyo ndivyo na mimi nilivyolelewa, kwa makofi, na sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu anaweza kuwa na sababu nyingine ya kutazama.

Nilivumilia mwezi mzima, kisha nikamwita mbele. "Unanitazama nini?"

Hakujibu. Akazidi kunitazama, tena mdomoni, hata nikajipangusa nikidhani nina makombo. Darasa likacheka, damu ikanichemka. Nilimchapa fimbo mbili za kiganja, kisha nikakishika kichwa chake kwa mkono wangu mwenyewe nikakiinamisha, nikakiacha pale. Wiki iliyofuata nikarudia. Mara ya tatu sikuhitaji fimbo, maana nilipomkaribia tu aliinama mwenyewe. Kuanzia hapo akawa anaingia macho chini, anakaa macho chini, anatoka macho chini. Nilijisifu ofisini. Mwalimu mkuu akasema hayo ndiyo malezi, na mimi nikameza sifa yangu na chai.

Ukaja mtihani wa muhula, kabla ya likizo ya kuvuna pamba. Sehemu ya kwanza ya Kiswahili ilikuwa imla: mwalimu anasoma sentensi, wao wanaandika. Karatasi yake ilikuwa na jina lake juu, kwa mwandiko mzuri, na chini yake hakuna kitu. Mistari mitupu mpaka mwisho. Nilimpelekea mwalimu mkuu, naye hakuiangalia mara mbili. Kwa nini tungoje mtihani wenyewe, alisema, ili atuharibie matokeo ya shule? Nenda kwao ukawaambie wamtoe sasa, kwa amani, wamtafutie kazi nyingine. Mimi ni mtu wa kutumwa kokote palipo na njia ya kutembea, nikakubali.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Baba na mama yake walikuwa wamehamia mbali kufuata malisho ya ng'ombe, kwa hiyo alikuwa akikaa na bibi yake mzaa baba. Niliwakuta uani kwenye lundo la pamba, wanachambua. Pamba safi upande huu, fifi upande ule, yaani ile chafu yenye madoa na majani, ambayo mnunuzi ataikunjia uso. Msichana alikuwa amenipa mgongo. Nilipiga hodi, bibi akaitika, mtoto hakugeuka. Nikasema moyoni, hata nyumbani kwao ni hivi hivi.

Bibi alitaka niletewe kiti. Hakumwita mtoto. Alinyoosha mkono akamgusa bega, akangoja. Mtoto alipomgeukia, bado macho yako chini, bibi aliweka vidole viwili chini ya kidevu chake, akakiinua taratibu hadi wakatazamana. Ndipo akasema, kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyekuwa hatua nne sikuisikia vizuri. Mtoto akainuka, akaingia ndani, akatoka na kiti.

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike shule ile, nilikaa kitako.

"Hasikii?" nikauliza.

"Ng'ombe akilia karibu, anasikia. Mtu, hapana. Tangu ile surua ya utotoni."

"Mbona hamkutuambia shuleni?"

Bibi alitoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa. "Ningewaambia, mngempokea?"

Akavuta konzi nyingine ya pamba mapajani.

"Hapa nyumbani ile adabu ya macho chini nilimwondolea," akasema. "Wakubwa wengine wakanisema sana. Nikawaambia mwacheni, huyu akiinama hapati neno. Akanizoea, nikawa nikisema, ananisoma mdomo. Lakini mwaka huu kuna mtu kamrudishia ile adabu. Sasa kila neno ni mpaka nimwinue kidevu. Sijui nani."

Sikusema kuwa ni mimi. Nimeyaandika haya ili niliseme hilo, kwa hiyo nalisema tena: nilikuwa nimekaa kwenye kiti alichoniletea yule mtoto, na sikusema.

Bibi aliendelea kuchambua. Donge moja la pamba fifi lilirudi upande wa safi mara mbili bila yeye kuona. "Mimi nimeshazeeka, mayu," akasema. "Anayejua kuongea naye ni mimi tu. Nataka ajue kuandika na kusoma, vizuri kabisa, awe anaweza kumpa mtu karatasi na kupewa karatasi. Asipojua, nikifa ataongea na nani?"

Ujumbe wa mwalimu mkuu sikuutoa. Niliaga, bibi akanifungia matobolwa kwenye kitambaa, nikasema wabeja, asante, nikaondoka nimebeba vile viazi vikavu kama mtu aliyeiba.

Nyumbani nilitafuta madaftari ya imla ya mwezi wa kwanza, kabla sijamtia adabu. Nikayasoma ya kwake upya. Kila sentensi ilianza vizuri, neno la kwanza, la pili, la tatu, kisha ikakatika. Nyingine zilikuwa na mwanzo na mwisho bila katikati. Nilipoyasahihisha nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: mvivu, humalizi. Sasa niliweza kujiona. Hapa nilikuwa nimesimama mbele. Hapa nikampita kurudi ubaoni, mgongo kwake. Hapa nikamgeukia tena. Mtoto alikuwa ameandika kila nilichosema nikiwa nimemgeukia, na palipo patupu ni mgongo wangu. Baada ya fimbo zangu hakukuwa tena na mwanzo wala mwisho, maana nilimnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa akikipata kwa jasho lake.

Muhula ulipoanza tena nilikuja na jiwe. Lilikuwa jiwe bapa la kusugulia miguu, nililoliokota kisimani, nikaliweka sakafuni mbele ya darasa, pale mwanga wa dirisha unapopiga usoni mwa anayesimama. Nikajiapiza: nikiwa sina mguu juu ya jiwe hili, sifungui mdomo. Nikiandika ubaoni, kimya. Nikimaliza kuandika, narudi kwenye jiwe, nageuka, ndipo naongea. Unadhani ni jambo dogo? Wiki ya kwanza nilitoka jasho. Nyayo ziliniwasha. Nilikuwa nasimama pale nimekaza magoti, nahisi nimefungwa kamba kama ndama, na mara mbili nilijikuta katikati ya darasa nikipiga kelele, nikalazimika kurudi kwenye jiwe na kuanza sentensi upya huku watoto wanajiziba midomo.

Msichana nilimtoa nyuma, nikamweka dawati la pili upande wa dirisha. Wale wengine wa nyuma nao nikawatawanya, kila mmoja kati ya wenzake. Madawati tukayasogeza yakazunguka ukuta, wa sakafuni wakakaa katikati, ili kila mtoto awaone wenzake nyuso. Na nikawafundisha alichonifundisha bibi bila kujua: ukitaka kumwambia mwenzio jambo, mguse bega, ngoja akutazame, ndipo useme. Kila nilichofundisha, nilisema mara moja, kisha nikawaacha wawili wawili waelezane, uso kwa uso. Waliotoka nyumba za Kisukuma kitupu, ambao Kiswahili kilikuwa kinawapita juu ya kichwa, walikuwa wakielezwa na jirani kwa lugha ya nyumbani, kisha wananirudishia kwa Kiswahili. Zamani ningewachapa kwa hilo. Kumbe nusu ya darasa ilikuwa hainipati siku zote, na walikuwa na masikio mazima.

Kilichokuwa kigumu ni kumrudisha yeye. Kumtia mtoto woga ni kazi ya wiki mbili, kumtoa woga ni kazi nyingine. Nilikuwa nasimama kwenye jiwe, namtazama, nangoja, na yeye ameinama. Darasa zima lilikuwa linangoja. Siku nyingine nilichoka nikaendelea bila yeye. Kisha jirani yake wa dawati, kabinti kafupi kenye maneno mengi, kakazoea kumgusa bega kila nilipopanda jiwe. Anaguswa, anainua macho kidogo, anayashusha. Ilipofika wakati wa kutayarisha mashamba alikuwa akiyaweka juu kwa sentensi nzima.

Basi yakaja ya wazazi. Watoto walichozoea darasani walikwenda nacho nyumbani, na kwenye kikao cha kamati ya shule mzee mmoja alisimama akasema mwanawe sasa anamkazia macho kama vile wameoa ukoo mmoja. Akauliza kama serikali imeruhusu na hilo, maana siku hizi kila kitu ni ruksa. Wazee wakacheka, mwalimu mkuu hakucheka. Aliniita ofisini akaniambia nimeigeuza nidhamu nyuma mbele. Nikamweleza kila kitu, safari hii bila kuficha fimbo. Alinisikiliza, kisha akafanya mahesabu yake ya kiofisi: yeye akiandika kwamba msichana ni kiziwi, wilayani watauliza anafanya nini hapa, watasema shule za watoto wa namna hiyo zipo, na ziko mbali. Asipoandika, msichana atafanya mtihani kama wengine, na imla itasomwa na mwalimu mgeni asiyemjua. "Chagua wewe," akasema.

Nilipanda hadi kwa bibi. Mkimpeleka mbali, alisema, mimi nitaongea na nani? Nikachagua afanye kama wengine. Wazazi nikawatuliza kwa ahadi: ndani ya darasa macho juu, nje ya mlango macho chini. Watoto waliishika mara moja, watoto si wagumu kama sisi.

Siku ya mtihani walimu wa darasa hatukuruhusiwa kusogea. Niliambiwa nikae na darasa la pili, ng'ambo ya uwanja. Nani wa kukaa? Nilisimama dirishani. Msimamizi alikuwa mwalimu mrefu wa shule ya jirani, suruali pana, karatasi mkononi. Nikamwona anafungua mdomo, na hapo hapo akaanza kutembea. Anatoka ubaoni, anakwenda nyuma, anarudi kwa pembeni. Nilikuwa najitazama mwenyewe. Sauti haikunifikia, nilichoona ni mdomo tu, kisha kisogo, kisha mdomo. Nilikuwa nimemfundisha kunitazama mimi, na sikuwa nimefikiria kabisa mgeni.

Alipomaliza sentensi ya kwanza nilimwona msichana akiinuka. Msimamizi alimwonyesha kwa mkono akae. Hakukaa. Alitoka kwenye dawati lake, akaenda pembeni ambako jiwe lilikuwa limesogezwa wakati meza inapitishwa, akainama, akalibeba kwa mikono miwili, akaliweka mahali pake. Kisha akamgeukia yule mwalimu mrefu, akasema neno, akaonyesha chini. Kabinti kafupi kaliniambia baadaye alichosema: "Kwetu mwalimu husimama hapa."

Yule bwana alilitazama jiwe, akatazama darasa. Watoto themanini walikuwa wamemwinulia nyuso, wanangoja. Nadhani alidhani ni utaratibu wa shule, na mgeni hufuata utaratibu wa wenyeji. Akapanda. Akarudia sentensi ya kwanza kutoka hapo, na nyingine zote, na hakushuka hadi alipokunja karatasi. Mara nyingine alisoma akiwa ameinamia karatasi yake, na nilikuwa nauma kucha kila alipofanya hivyo.

Miezi ile ya kungoja matokeo sikulala vizuri wala kula vizuri. Dada aliandika kwamba kibanda cha pili kimepatikana, nije upesi. Nilimjibu kwamba nangoja karatasi moja. Shule ilipofunguliwa mwaka mpya, mwalimu mkuu aliibandika kwenye mlango wa ofisi. Nilipitisha kidole kutoka chini kwenda juu, kwa woga, maana nilitegemea kumkuta chini. Alikuwa katikati, kati ya wanaoingia darasa la tano. Mwalimu mkuu aliyekuwa nyuma yangu alikohoa, akasema nisilisahau jiwe langu, wakati wa mtihani ujao litahitajika tena. Lamadi sikwenda mwaka ule, wala uliofuata, ingawa begi lilibaki pale pale chini ya kitanda.

Nilimtafuta msichana nikamkuta kisimani, nyuma ya shule, anasuuza ndoo. Aliponiona alipiga magoti kama inavyotakiwa. "Mwangaluka, mayu," akasema, macho chini, maana tulikuwa nje ya mlango na yeye ni mtoto wa kushika ahadi. Mikono ilikuwa magotini, viganja juu, na nilivitazama viganja vile. Sikuweza tena. Nilichuchumaa mbele yake, nikainamisha kichwa, na nikayaambia matope yale maneno niliyoshindwa kuyasema mbele ya bibi yake. Kwamba ni mimi. Kwamba alikuwa anajitahidi, na nilimchapa kwa kujitahidi kwake. Kwamba anisamehe. Nilisema yote, kwa kirefu, huku machozi yananidondoka, na nikahisi nimeutua mzigo.

Kisha nikahisi ananigusa bega. Sikuinuka, niliona aibu. Nikasikia vidole viwili, vibichi kwa maji ya ndoo, vinaingia chini ya kidevu changu, vinakiinua taratibu hadi tukatazamana.

"Rudia, mwalimu," akasema. "Ulikuwa umeinama, sikukuona."